Kuni zilizolowa, kifua cha mtoto

Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, miezi hiyo moto wa asubuhi huwashwa kwa kupuliza na kufuta machozi. Wageni wanaokwenda kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 ni nadra kuingia jikoni kwa jirani, ambako mama amejiinamia mafiga na mtoto yuko mgongoni.

Kuni mbichi hupoteza joto lake kukausha maji yaliyomo ndani, ndiyo maana hutoa moshi mzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa watoto hao, moshi huo karibu huongeza maradufu hatari ya nimonia.

Dawa yake huanza kiangazi. Pasua magogo mapema, maana gogo zima lenye ganda huchelewa kukauka. Panga kuni juu ya mawe, zisiguse udongo wenye unyevu na mchwa. Weka paa juu, lakini pande ziache wazi upepo upite. Turubai lililofunika rundo hadi chini hufungia unyevu ndani. Rundo likae mbali na dirisha la chumba cha kulala, kwani nyoka na nge hulipenda. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, na mbili zikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Magunzi ya mahindi yahifadhiwe kwenye gunia, pakavu. Yanafaa kuwashia, ila huisha upesi.

Mkaa una hila yake. Hautoi moshi mwingi, hivyo usiku wa baridi wapo wanaoingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu: kichwa huuma, kizunguzungu hufuata, kisha mtu halali tu, bali haamki. Aliyekutwa hivyo atolewe nje mara moja na kukimbizwa hospitali.

Mafuta ya taa nayo yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwa kuwa yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe kituo cha afya.

Serikali inalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa nyumba nyingi kikwazo si mtungi wa kwanza wa gesi, ni fedha ya kuujaza tena. Gesi inapoisha mvua ikinyesha, ni kuni zile zile zitakazopika uji wa mtoto.