Kaboni monoksidi: gesi ya jiko lililokolea

Kaboni monoksidi ni gesi inayotokea kila mahali ambapo kitu chenye kaboni kinaungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Molekuli yake ina atomi moja ya kaboni na moja ya oksijeni, zilizoshikana kwa kifungo cha mara tatu. Kifungo hicho ni miongoni mwa vifungo imara kabisa ambavyo wanakemia wamewahi kuvipima: kukikata katika moli moja ya gesi hiyo kunadai kilojuli 1,072 za nishati. Gesi yenyewe haina rangi, haina harufu, haina ladha, na haiwashi macho wala koo. Hugeuka kimiminika ikipozwa hadi nyuzi 191.5 za Selsiasi chini ya sifuri. Inawaka, na ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 12.5 na 74 inaweza kulipuka. Ni nyepesi kuliko hewa kidogo sana, kiasi cha asilimia tatu tu, kwa hiyo haitui sakafuni wala haijikusanyi darini. Huenea chumba kizima.

Haifai kuchanganywa na kaboni dioksidi, ingawa magazeti hupenda kuziita zote mbili hewa ya ukaa. Kaboni dioksidi ndiyo inayotoka katika pumzi na kuchemka kwenye soda, na ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Mjini Goma na kando ya Ziwa Kivu hutoka ardhini na kujaa mabondeni, na wenyeji huyaita maeneo hayo mazuku. Mbuzi anayeshuka humo hufa, huku kichwa cha mtu mzima aliyesimama kando yake kikiwa bado kwenye hewa safi. Kwa kaboni monoksidi, kusimama hakumsaidii mtu kitu.

Jiko la mkaa linaonyesha vizuri namna gesi hii inavyozaliwa. Hewa huingia kwa mlango wa chini, ikakutana na makaa ya chini na kuunguza kaboni yake hadi kuwa kaboni dioksidi. Joto kubwa la jiko hutoka hapo. Kaboni dioksidi hiyo, ikiwa moto sana, hupanda kupitia makaa mekundu yaliyo juu yake, mahali ambapo oksijeni ya hewa imekwisha. Kaa jekundu huipokonya atomi moja ya oksijeni, na kila molekuli moja iliyoingia hutoka ikiwa molekuli mbili za kaboni monoksidi. Badiliko hili huitwa kwa jina la Octave Boudouard, mkemia Mfaransa aliyelichunguza mwanzoni mwa karne ya 20, na hushamiri joto linapozidi nyuzi 700 hivi. Kwa hiyo jiko lililojazwa mkaa hadi juu na kukolea vizuri ni kiwanda kamili cha gesi hii.

Anayelitazama jiko la namna hiyo gizani ataona ndimi ndogo za moto wa buluu zikicheza juu ya makaa. Hiyo ndiyo kaboni monoksidi yenyewe, inaungua pale inapokutana na hewa ya juu na kurudi kuwa kaboni dioksidi. Ndimi hizo zikiwapo, sehemu kubwa ya gesi inateketea. Baadaye jivu hufunika makaa, joto la juu hushuka, ndimi huzimika, na gesi huendelea kutoka bila kuungua. Hapo jiko huwa na sifa zote ambazo watu huzisubiri kabla ya kuliingiza chumbani: moshi umekwisha, makaa yametulia, hakuna kinachowasha macho. Moshi ule wa mwanzo ulitoka kwenye vipande ambavyo havikuiva vizuri tanurini, na ndio uliokuwa unawafukuza watu. Jiko lililoacha kutoa moshi limeacha tu kutoa onyo.

Uwezo huohuo wa kupokonya oksijeni ndio ulioyeyusha chuma cha Afrika. Wafua chuma wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walipanga mkaa na mawe yenye madini ya chuma ndani ya tanuri la udongo, wakavukuta hewa kupitia mabomba ya udongo. Madini hayo ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Kaboni monoksidi iliyozaliwa kwenye mkaa ilipita kati yake, ikaichukua oksijeni na kuondoka nayo, ikaacha chuma. Kazi hiyo ilifanyika huko zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliieleza katika jarida la Science baada ya wazee wa Kihaya kujenga tena tanuri na kulitumia mbele yao. Matanuri makubwa ya viwandani leo yanategemea badiliko hilohilo.

Vyanzo vingine havina mengi ya kuelezwa: jenereta iliyowekwa ndani au barazani karibu na dirisha, gari linalonguruma gereji, hita ya gesi bafuni, nyumba inayoungua, sigara, na pampu ya petroli iliyoshushwa kisimani ili iwe karibu na maji. Hiyo ya mwisho imekwishaua mafundi, na wale walioshuka kuwatoa.

Ndani ya mwili, gesi hii hufanya kazi yake kwenye hemoglobini, protini inayozipa seli nyekundu za damu rangi yake. Kila molekuli ya hemoglobini ina sehemu nne, kila sehemu ina atomi moja ya chuma, na kila atomi ya chuma inabeba molekuli moja ya oksijeni. Inaweza kufikiriwa kama gari dogo la kuchangia nauli, lenye viti vinne vya abiria, linalokwenda na kurudi kati ya stendi na vijijini. Stendi ni mapafu na vijiji ni misuli, moyo na ubongo. Gari hili lina tabia ya ajabu. Likiwa tupu, milango yake ni mizito, na abiria wa kwanza hupanda kwa shida. Akishakaa, umbo la gari zima hubadilika kidogo, milango ikalegea, na wa pili, wa tatu na wa nne wakapanda kirahisi. Kijijini mambo hugeuka: mmoja akishuka, gari hurudia umbo lake la kwanza na kuwasukuma wenzake nao washuke. Ndiyo maana hemoglobini hujaa haraka palipo na oksijeni nyingi na kuitoa kwa ukarimu palipo na njaa. Max Perutz, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962 kwa kuchora umbo la protini hii, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza namna milango hiyo inavyofunguka.

Kaboni monoksidi hukaa kwenye viti vilevile. Haivikimbilii, kwa kweli hupanda polepole kuliko oksijeni. Tofauti iko kwenye kushuka. Oksijeni hushuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, ilhali kaboni monoksidi hukaa, gari likifika kijijini na kurudi stendi, safari baada ya safari. Hesabu ya mwisho ni kwamba hemoglobini huishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hadi 250. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikiwa na kaboni monoksidi asilimia 0.1 tu, na mtu akaivuta kwa muda wa kutosha, nusu ya viti vyote vya damu yake vitakaliwa.

Viti vilivyopotea ni nusu ya hasara. Abiria huyu asiyeshuka hulifanya gari libaki katika umbo la kujaa, lile la milango iliyolegea kwa wanaopanda na isiyomsukuma yeyote ashuke. Oksijeni iliyokaa kando yake hufika kijijini na kushindwa kutoka. Hii inaeleza jambo ambalo bila hilo lisingeeleweka: mgonjwa wa upungufu wa damu aliyebakiwa na nusu ya hemoglobini huweza kwenda sokoni, japo anahema, ilhali mtu ambaye nusu ya hemoglobini yake imekaliwa na kaboni monoksidi huanguka, ingawa kwa hesabu ya viti wako sawa.

Tena hakuna kengele ya mwili inayolia. Vipimo vidogo vya oksijeni vilivyoko shingoni, kwenye mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani, husoma oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu, yaani abiria walioko stendi, na stendi imejaa kama kawaida. Mtu hahisi kubanwa pumzi. Kifaa cha hospitali kinachobanwa kidoleni nacho hudanganyika, kwa sababu kinatofautisha damu kwa mwanga, na damu yenye kaboni monoksidi ni nyekundu angavu kama yenye oksijeni. Kinahesabu viti vilivyokaliwa bila kujua nani amekaa, na huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa.

Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba mwili wenyewe hutengeneza gesi hii. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na hemoglobini yake inapovunjwa, kila kipande chenye chuma hutoa molekuli moja ya kaboni monoksidi. Torsten Sjöstrand wa Uswidi alilionyesha hilo mwaka 1949. Ndiyo maana hata asiyevuta sigara ana karibu asilimia moja ya hemoglobini iliyokaliwa. Kile kipande chenye chuma, kikiwa peke yake nje ya protini, huishika kaboni monoksidi kuliko oksijeni mara 20,000 hivi. Ndani ya protini, asidi amino iitwayo histidini imekaa karibu na chuma na kuishika oksijeni kwa kifungo chepesi cha hidrojeni, heshima ambayo kaboni monoksidi haipewi kwa kiasi hicho. Upendeleo huo mdogo ndio unaoshusha 20,000 hadi 200 na ushei. Bila histidini hiyo, kiumbe mwenye damu angejitilia sumu kwa kuishi tu.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuzipima nguvu hizi kwa uangalifu ni John Scott Haldane wa Uingereza. Mwaka 1895 alichapisha matokeo ya kuivuta gesi mwenyewe maabarani huku damu yake ikipimwa, hadi zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ikakaliwa na miguu ikakataa kumbeba. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Januari, mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown huko Wales ulilipuka na watu 57 wakafa. Haldane alichunguza maiti na kukuta kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko. Waliuawa na kaboni monoksidi iliyobaki baada yake. Alipendekeza wachimbaji washuke na viumbe wadogo, panya au kanari, ambao hupumua haraka na hulemewa mapema kuliko mtu. Baadhi ya vizimba vya kanari vilifungwa mtungi mdogo wa oksijeni juu yake: ndege akianguka, mlango hufungwa, vali hufunguliwa, naye huzinduka. Uingereza iliacha kuwatumia kuanzia mwaka 1986, vipimo vya umeme vilipowachukulia kazi.

Dalili za sumu hii ni za kawaida mno: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuchanganyikiwa. Katika nchi ambako dalili hizo humaanisha malaria hadi ithibitike vingine, ni rahisi kupotea. Kinachoisaliti ni kwamba homa haipo, kwamba waliomo nyumbani huugua pamoja, na kwamba hupata nafuu wakitoka nje. Kwa sehemu 200 kwa milioni kichwa huanza kuuma baada ya saa mbili au tatu. Kwa 800, kizunguzungu huja ndani ya dakika 45 na kifo huweza kufuata kwa saa mbili hadi tatu. Kwa 1,600, saa moja inatosha. Aliyelala hapiti hatua hizo kwa kuzijua. Mimba huongeza hatari, kwani hemoglobini ya mtoto tumboni hujaa kaboni monoksidi kuliko ya mama na huchelewa kuitoa.

Tiba ni kujaza stendi. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka katika damu kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni tupu kupitia barakoa muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Katika chumba cha mgandamizo, kama kile cha kuwatibu wapiga mbizi, kwa oksijeni ya mgandamizo wa mara tatu, ni dakika 20 hadi 30. Baadhi ya waliopona huja kusahausahau au kubadilika tabia wiki chache baadaye.

Nyumbani, kinga ni jiko kulala nje. Kuanzia Juni hadi Agosti, Makete na Njombe, Limuru na Nyandarua, baridi hulivuta ndani, na kila mwaka huripotiwa familia ambazo hazikuamka. Karai la maji kando ya jiko halisaidii: hata katika gesi tupu, lita moja ya maji haiyeyushi miligramu 30 za kaboni monoksidi. Kitambaa kilicholowa hakichuji chochote. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2010 kikomo cha miligramu 100 kwa mita moja ya ujazo kwa robo saa, na miligramu 10 kwa saa nane.

Kengele za kaboni monoksidi ni kifaa tofauti na kengele za moshi. Ndani yake gesi huunguzwa kikemia juu ya kipande cha metali na kuzaa mkondo mdogo wa umeme unaopimwa. Kipimo hicho huchakaa, na baada ya miaka kadhaa kifaa hubadilishwa hata kama taa yake inawaka. Kwa kuwa gesi huenea kote, kengele yaweza kutundikwa usawa wa kichwa cha aliyelala. Zile za kiwango cha Ulaya hupangwa kufuata mwendo wa damu kujaa: kwa sehemu 50 kwa milioni hulia baada ya dakika 60 hadi 90, kwa 100 baada ya dakika 10 hadi 40, na kwa 300 ndani ya dakika tatu.