Ukurasa Usiokuwamo katika Kitabu cha Staji

Mwanafunzi wa uuguzi anayetumwa staji, yaani mafunzo ya kazini, katika kijiji cha Mpofi, kule Masisi na Walikale zinakokutana katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hupanda pikipiki akiwa na blauzi nyeupe ya kazi, saa ya mkononi ya kuhesabia mapigo ya moyo, na kitabu cha staji. Kitabu hicho ndicho kitakachomhukumu. Humo huandikwa sindano alizochoma, vidonda alivyosafisha na wajawazito aliowazalisha, na kila tendo lina nafasi ya sahihi ya msimamizi. Hakuna mstari unaouliza alilalaje usiku ule mgonjwa wake wa kwanza alipomfia mikononi.

Marekani ukurasa wa kumjali mwanafunzi mwenyewe upo, tena huwekwa wazi kwenye intaneti. Tangu 2017, ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya madaktari bingwa huko, kinazitaka programu zote ziwape vijana wao ruhusa ya kwenda kutibiwa hata saa za kazi, pamoja na ushauri wa siri unaopatikana saa 24, siku 7 za wiki. Sharti hilo lina sababu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2015 ulikuta kwamba madaktari karibu 29 kwa kila 100 walio mafunzoni walikuwa na sonona au dalili zake.

Nimezisoma kurasa nyingi za namna hiyo. Zile za picha za yoga, bakuli za matunda na vijana wanaocheka kileleni mwa mlima nazipita haraka. Natafuta mambo machache: nani atanisikiliza, saa ngapi, kwa gharama ya nani, na je, huyo anayenisikiliza ndiye anayenipa maksi? Hili la mwisho ndilo roho ya jambo. Anayepimwa huficha udhaifu wake. Hatamwambia msimamizi kwamba mikono inamtetemeka baada ya usiku wa pili bila kulala, na mkono huohuo kesho utapima dozi ya mtoto. Siri hapa inamlinda mwanafunzi na mgonjwa pia.

Kuna jambo jingine ambalo kurasa nyingi huliruka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, linaeleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na kazi, na halikuuweka kati ya magonjwa. Mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi aliyoipenda, na huona kila afanyalo ni bure. Kama chanzo ni kazi, basi dawa ni pamoja na zamu, chakula na malipo. Kenya ililiona hilo mwaka 2024, madaktari walipogoma tangu Machi hadi Mei. Kati ya madai yao ulikuwa mshahara wa madaktari walio mafunzoni: mkataba wa 2017 ulitaja shilingi 206,000 na ushei kwa mwezi, serikali ikasema 70,000. Pengo hilo halizibwi na ushauri nasaha.

Mwanafunzi wetu wa Kivu Kaskazini mara nyingi halipwi hata hizo.

Ajabu ni kwamba baadhi ya vituo vya afya vya huku vina mhudumu wa kisaikolojia, yule tunayemwita APS, kwa ajili ya wanawake waliobakwa. Mwanamke akifika ndani ya saa 72 hupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, kisha huketi na APS. Ila mwanafunzi wa miaka 20 aliyeshika taa wakati wa uchunguzi hurudi kuosha vyombo. Hakuna aliyemdharau; ni kwamba tu hakuna aliyeagizwa kumuuliza.

Namna ya kumuuliza ipo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua 3: angalia, sikiliza, unganisha. Mbili za kwanza zinawezekana hata pasipo umeme. Ya tatu ndiyo ngumu Mpofi. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Goma Januari 2025, mstari wa vita unaweza kupita kati ya shule na mwanafunzi wake, na mtandao ukikatika, ukurasa wa intaneti hauna kazi. Karatasi haikatiki.

Basi, wakurugenzi wa shule zetu za uuguzi, kabla vijana hawajapanda pikipiki, chapisheni ukurasa mmoja zaidi mwishoni mwa kitabu cha staji. Uwe na jina la mtu aliye kijijini asiyetoa maksi, jina la mwingine aliye zoni ya afya, na sentensi moja yenye muhuri wa shule: mwanafunzi akiwaendea hao, hatanyimwa sahihi.