Gesi ya Tanuri la Chuma, Gesi ya Jiko la Chumbani

Wilayani Nkasi, kaskazini ya Sumbawanga, bado yamesimama masalia ya matanuri ya udongo ambayo Wafipa huyaita malungu. Ilungu moja lina kimo cha mita 3 hivi. Ni pana chini na jembamba juu, limejengwa kwa udongo wa kichuguu, na kuzunguka kitako chake kuna matundu yaliyokuwa yakipachikwa mirija ya udongo. Humo ndimo kilimotoka chuma cha majembe yaliyolima Ufipa na majembe yaliyotolewa mahari, mpaka vyuma vya dukani vilipoizima kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda alifanya utafiti mrefu kuhusu ufuaji huo wa kusini magharibi mwa Tanzania miaka ya 1990, naye alionyesha kwamba pembezoni mwa Ziwa Tanganyika haikuwapo njia moja tu ya kuyeyusha chuma, zilikuwapo kadhaa.

Kinachonishangaza kila ninapolifikiria ilungu ni kwamba halikuhitaji mivukuto. Sehemu nyingi watu walikesha wakivukuta, wakipokezana, ili moto usipungue nguvu. Wafipa walijenga tanuri refu, wakalishindilia mkaa na mawe ya chuma, wakaliwasha, likavuta hewa lenyewe kwa siku kadhaa. Hewa ikipata moto hutanuka, huwa nyepesi na kupanda. Ile baridi ya nje, iliyo nzito zaidi, hujisukuma ndani kwa chini kupitia mirija. Kadiri tanuri linavyokuwa refu, ndivyo safu ya hewa moto inavyokuwa ndefu na mvuto unavyoongezeka. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye matanuri madogo yaitwayo vintengwe, ambako chuma kile cha kwanza kilisafishwa kabla ya kwenda kwa mhunzi.

Lakini moto peke yake hautoi chuma kwenye jiwe. Jiwe jekundu la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na ushikano wao ni wa nguvu. Ndiyo maana jembe ukilisahau kwenye mvua linaota kutu, linarudi kule kule lilikotoka. Chuma kitupu, kisichoshikwa na oksijeni, ni nadra kukiona juu ya ardhi. Msafiri wa Sumbawanga anayepita Tunduma kwenda Mbeya anaweza kuchepuka akatazame kimoja: Kimondo cha Mbozi, pande la tani zaidi ya 10 lililotoka angani, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Kwa chuma cha ardhini, lazima apatikane wa kukinyang'anya oksijeni.

Mnyang'anyi huyo huzaliwa ndani ya mkaa. Pale chini, karibu na mirija, hewa ni tele. Mkaa unaungua vizuri na kutoa kaboni dioksaidi, gesi ile ile tunayoitoa puani. Gesi hiyo inapopanda hupita katikati ya mkaa mwingine uliokolea moto ambao haupati tena hewa mpya. Hapo kaboni dioksaidi humegeka: kaboni ya mkaa hujichukulia sehemu ya oksijeni yake, na badala ya gesi moja unapata nyingine, kaboni monoksaidi. Gesi hii ina njaa ya oksijeni. Inapolipitia jiwe la chuma huichukua oksijeni iliyomo, kidogo kidogo, na kuacha chuma. Kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, uchafu wa jiwe huyeyuka na kutiririka kama mavi ya chuma, lakini chuma chenyewe hakiyeyuki, kwa sababu kinahitaji nyuzi 1,538. Hubaki kama donge lenye matundu.

Sasa litazame jiko la mkaa la nyumbani. Hewa inaingia kwa chini, kwenye mlango wa majivu. Makaa ya chini yanaungua na kutoa kaboni dioksaidi, nayo inapanda kupitia makaa mekundu ya juu. Ni ilungu la kimo cha shubiri moja, na linafanya kazi ile ile. Ukizima taa usiku ukalitazama jiko lililojazwa, utaona vindimi vya bluu vinachezacheza juu ya makaa. Vindimi hivyo ni kaboni monoksaidi inayoungua inapokutana na hewa ya juu. Ile inayoungua haina tena madhara ya sumu hiyo. Tatizo ni ile isiyoungua, hasa makaa yanapoanza kufifia: vindimi vinapotea, joto bado linasikika, na gesi inaendelea kutoka bila kuonekana.

Nyanda za juu za Ufipa si mahali pa kulipuuza jambo hili. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake huingia mifupani. Watu wanafanya kinachoonekana kuwa busara: wanaliwasha jiko nje, wanangoja moshi uishe, kisha wanaliingiza chumbani, wanafunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa kitenge. Wanaamini kwamba moshi ukiisha, hatari imeisha. Moshi unawasha macho na kumfukuza mtu, kwa hiyo unajitangaza. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, hivyo kulala juu ya kitanda badala ya mkekani hakumwepushi mtu nayo. Sufuria ya maji pembeni ya jiko nayo haisaidii, kwa kuwa gesi hii haikubali kuyeyuka kwenye maji ila kwa kiasi kidogo mno.

Ikishaingia mapafuni inakutana na chuma kwa mara nyingine. Chembe nyekundu za damu zimejaa himoglobini, na ndani ya himoglobini mna chuma. Hicho ndicho kinachoishika oksijeni na kuisafirisha mwilini. Kaboni monoksaidi hukaa pale pale kwenye chuma, na hukishika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1850, kwamba gesi hii inaua kwa kuizuia damu kubeba oksijeni. Miaka ya 1890 Mskoti John Scott Haldane, aliyekuwa akichunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe, aliivuta mwenyewe na kupima damu yake ili ajue inavyomlegeza mtu. Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa imeshaitumia gesi hiyo kwa zaidi ya miaka 2,000. Huko Buhaya kuna matanuri ya chuma ya umri huo. Wafua chuma hao waliifanyia kazi nje, kwenye upepo, ambako ilitawanyika.

Dalili zake ndizo zinazoniogopesha kuliko yote, kwa sababu zinafanana na ugonjwa wowote ule: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hapati hata hizo. Usingizi unazidi kuwa mzito, na hata akishtuka, mwili unaweza kukosa nguvu ya kuufikia mlango. Mtoto mdogo huumia mapema zaidi, na mjamzito ana hatari ya ziada, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hiyo zaidi kuliko ya mama. Jiko banifu linapunguza gharama ya mkaa, na hilo ni jema, lakini bado linachoma mkaa na bado linatoa gesi hii. Nalo mahali pake wakati wa kulala ni nje. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waifikie nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla ya hapo kuna majira mengi ya baridi ya kupita.

Ukimkuta mtu amezidiwa chumbani mwenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje, kisha mpelekeni hospitali hata kama amezinduka. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa 4 hadi 5 kuitoa nusu ya gesi iliyoshikana nayo; akipewa oksijeni safi, muda huo hushuka mpaka saa moja na nusu au chini yake. Kikiwapo kidude cha kubana kidole kinachopima oksijeni, msikitegemee, maana aina iliyozoeleka haitofautishi chuma kilichoshika oksijeni na kilichoshika kaboni monoksaidi, na kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Na kama nyumba nzima imeamka na maumivu ya kichwa asubuhi ya Julai, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambieni mganga wa zamu kwamba mlilala na jiko. Asipoambiwa hilo, hana cha kumwonyesha pa kuanzia.