Siku ya 14 Huhesabiwa Kutoka Nyuma

Dada mmoja anayeuza mboga kando ya Barabara ya Naivasha, hapa Riruta, alinifungulia daftari lake la madeni. Kurasa za mbele zilijaa sukuma na nyanya zilizokopwa. Kurasa za nyuma zilikuwa za hedhi yake, tarehe zimezungushiwa wino mwekundu. "Daktari, siku zangu zinanichezea," akaniambia. "Mwezi huu zimechelewa, nikapima, hakuna kitu. Kesho yake nikapima tena."

Tukahesabu pamoja, tangu siku ya kwanza ya kila hedhi hadi siku ya kwanza ya iliyofuata: 31, 44, 38, 52, 36. Mumewe ni bawabu wa usiku huko Lavington. Kila mwezi alikuwa akiomba ruhusa usiku wa 13, 14 na 15, kwa kuwa waliambiwa siku ya 14 ndiyo ya mimba. Walifuata hesabu hiyo kwa uaminifu, na ndiyo iliyokuwa ikiwakosesha.

Siku ya 14 ipo kweli, ila wengi tumefundishwa kuanza kuihesabu upande usiofaa. Katika miaka ya 1920, madaktari wawili waliokuwa mbalimbali, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, waligundua kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Yai likishatoka, kile kifuko lilimokulia hubaki kwenye ovari kikitengeneza homoni ya projesteroni, nayo ndiyo inayoshikilia ukuta wa mfuko wa uzazi. Mimba isipotunga, kifuko hicho hunyauka baada ya wiki mbili hivi, ukuta unabomoka, damu inatoka. Muda huo haubadiliki sana. Unaorefuka na kufupika ni ule wa mwanzo, yai likiwa bado linakomaa. Ndiyo maana mara nyingi hedhi ikichelewa, lililotangulia kuchelewa ni yai.

Turudi kwenye daftari. Mwezi wa siku 44, yai lilitoka karibu na siku ya 30. Ule wa 52, karibu na siku ya 38, kama lilitoka, maana mizunguko mirefu hivyo mingine hupita bila yai kabisa. Mbegu za mwanamume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke, yai lenyewe halizidi siku moja. Katika miezi ile mitano, ni mwezi wa siku 31 peke yake ambao ruhusa ya bawabu yule ilikuwa na faida.

Kipimo cha mimba nacho hufuata yai. Kinatafuta homoni ambayo huanza kuonekana baada ya mimba kujishikiza, na hilo huchukua zaidi ya wiki tangu yai litoke. Ukipima siku ya 35 kumbe yai limetoka juzi, jibu la "hakuna" halijakwambia kitu. Ngoja wiki mbili hivi, upime tena kwa mkojo wa asubuhi.

Kwa nini yai lichelewe? Kuanzia Kawangware hadi Kibera, swali langu la kwanza ni kuhusu sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Baada ya ile ya mwisho, kushika mimba huchukua kama miezi 10 kwa wastani, na wapo wanaopitisha mwaka. Wanawake wengi huja wakilia kwamba sindano imewaharibu kizazi. Haijawaharibu, dawa iliyowekwa kwenye msuli huisha polepole. Vipandikizi na koili zikitolewa, uwezo hurudi upesi.

Swali la pili huliuliza taratibu, kwa sababu lina aibu: unaota ndevu? Kuna tatizo la ovari zenye vifuko vingi, ambalo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa huwapata kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, wengi wao bila kujua. Mayai huanza kukua, hayamaliziki. Nywele huota kidevuni, chunusi hazikomi, ngozi ya shingo hupata weusi. Wapo wanaojinyoa alfajiri mume akiwa amelala, wakidhani ni laana. Ni homoni, na tiba ipo: kupunguza uzito kidogo kwa walionenepa hurudisha hedhi ya baadhi yao, na viko vidonge vya kukomaza yai, vinavyotolewa baada ya vipimo. Tezi ya shingo ikilegea nayo huvuruga mzunguko. Na maziwa yakikutoka wakati hunyonyeshi, sema, hata usipoulizwa.

Hapa naomba kusema kwa uchungu. Dawa za "kusafisha kizazi" zinazotiwa ukeni hazitoi yai. Uke hujisafisha wenyewe, na vitu hivyo huuchubua na kuufungulia njia maambukizi. Pesa hizo zingelipia skani.

Aliye chini ya miaka 35 hushauriwa kujaribu mwaka mmoja kabla ya kutafuta msaada, aliyefika 35 miezi 6. Lakini ushauri huo ni wa wanaopata hedhi kwa mpangilio. Mizunguko yako ikizidi siku 35 mara kwa mara, usingoje. Anzia kituo cha umma, kama Kituo cha Afya cha Riruta. Na hedhi ikichelewa kisha ukaumwa sana upande mmoja wa tumbo, au ukatokwa na damu huku unaona kizunguzungu, nenda hospitalini saa hiyo hiyo. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huua.

Dada yule nilimwomba aongeze mstari mmoja daftarini: siku anazoona ute mwepesi, unaovutika kama ute wa yai bichi. Huo hutangulia yai, hata liwe limechelewa kiasi gani. Akauliza kama mumewe naye apimwe. Nikamwambia ndiyo, tena mapema, kwani sehemu kubwa ya kukosa watoto hutokana na wanaume, na kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote ambavyo yeye angepitia. Mumewe alikuja Alhamisi asubuhi, akitokea lindoni, koti la kazi bado mwilini.