Poka ya nyumbani: jetoni zenye alama ya mwenye nyumba huzuia ugomvi

Ni saa sita za usiku na mchezo umekwisha. Watu wanane waliokaa mezani tangu jioni wanahesabu jetoni zao ili walipwe. Mwenye nyumba anafungua kisanduku cha pesa: mna dola 400, sawa na zilivyoingia. Lakini jetoni zilizo mezani, zikijumlishwa, zinadai dola 425. Nani atalipa hizo dola 25 zilizozidi?

Mfano huo unaonyesha kwa nini wapenzi wengi wa mchezo wa poka nchini Marekani huagiza jetoni zao wenyewe, zenye jina au alama isiyopatikana dukani. Kwa macho ya mgeni hayo ni maringo tu. Kwa anayekaribisha wenzake kila wiki, ni ulinzi wa mfuko wake na wa urafiki.

Poka ni mchezo wa karata ulioenea Marekani katika karne ya 19. Mbali na kasino za Las Vegas, huchezwa sana majumbani, kati ya marafiki na majirani, kwa pesa kidogo. Noti hazikai mezani. Kila anayefika humkabidhi mwenye nyumba pesa zake, naye hupewa jetoni, vile visahani vidogo vya rangi, za thamani ileile. Mwisho wa mchezo, jetoni hurudi na pesa hutoka.

Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye benki. Waswahili husema ahadi ni deni, na kila jetoni anayoitoa ni ahadi ya kulipa. Ikipotea moja, pesa zake hubaki sandukuni na mchezaji ndiye anayepunjika. Ikiongezeka moja kutoka nje, mwenye nyumba analipa pesa ambazo hakuzipokea.

Kutoka pembe hadi udongo

Hofu ya jetoni za bandia si ya leo. Katika karne ya 19, watu wenye uwezo walitumia jetoni za mfupa au za pembe za ndovu zilizochorwa kwa mkono. Ni wakati uleule ambapo pembe kutoka Maniema zilibebwa hadi Zanzibar, na nyingine kuuzwa kwa viwanda vya Marekani vilivyotengeneza vinanda na vitana.

Baadaye zilikuja jetoni za udongo uliochanganywa na vitu vingine na kushindiliwa kwa mashine. Hizo zilikuwa rahisi zaidi, na kila moja ilifanana na mwenzake. Hapo ndipo alama ya pekee ilipozidi kuwa na maana: kitu kinachotengenezwa kwa wingi, yeyote anaweza kukinunua.

Seti za dukani zina udhaifu huohuo. Sanduku lenye jetoni 500 huuzwa bei nafuu mahali pengi, na yote hufanana. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kununua lake, akatia jetoni tano mfukoni, na hakuna atakayezitofautisha na zile za mezani.

Hesabu kwanza, rangi baadaye

Kosa la kawaida la anayenunua mara ya kwanza ni kuvutiwa na sura kabla ya kupiga hesabu. Seti nyingi za dukani huwa na jetoni 100 za kila rangi, na baadhi zimeandikwa dola 100 au 500. Katika mchezo ambapo mtu huingia na dola 50, hizo hazitatoka sandukuni kamwe. Wakati huohuo, jetoni 100 za dola moja zikigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja anapata 12 tu, na mchezo unasimama kila mara watu wakitafuta chenji.

Tuchukue mchezo ambao madau ya lazima ni senti 25 na senti 50. Kila mchezaji anaweza kupewa jetoni 20 za senti 25, jetoni 20 za dola moja, na tano za dola tano. Jumla ni dola 50 kamili. Kwa watu wanane, zinahitajika 160 za senti 25, 160 za dola moja na 40 za dola tano.

Lakini kuna atakayefilisika na kutaka kuingia tena. Zikiongezwa 60 za dola tano na 20 za dola 25, seti inafika jetoni 440 zenye thamani ya dola 1,200. Hiyo inatosha kwa watu wanane kuingia mara tatu kila mmoja. Kwa mchezo wa kiasi hicho, kuagiza zaidi ni kulipia vitu vya kulala kabatini.

Macho yote si sawa

Katika kasino za Marekani, mazoea ni nyeupe kwa dola moja, nyekundu kwa tano, kijani kwa 25 na nyeusi kwa 100. Katika jimbo la New Jersey, rangi hizo zimo hata katika kanuni za kasino. Kufuata mazoea hayo kunamsaidia mgeni asikosee.

Hata hivyo, takriban mwanaume mmoja kati ya kumi na wawili wenye asili ya Ulaya hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Chini ya taa hafifu ya jikoni, bluu na zambarau pia huchanganyika. Ndiyo sababu thamani inafaa iandikwe kwa tarakimu kubwa, na ukingo wa kila aina uwe na mabaka yake. Jetoni ya dola 25 iliyojificha katikati ya rundo la jetoni za dola moja lazima ionekane kwa upande.

Wengine huacha kuandika thamani, ili jetoni ileile iwe senti tano leo na dola tano kesho. Kwenye meza ya pesa halisi, huko ni kualika ubishi.

Uzito usikudanganye

Wauzaji husifu jetoni nzito za plastiki, za gramu 11.5. Uzito huo hutoka kwenye kipande cha chuma kilichofichwa ndani. Jetoni za udongo za kasino huwa nyepesi zaidi, kwa kawaida kati ya gramu 8 na 10. Za kauri hupendwa na wanaoagiza kwa alama yao, kwa kuwa zinaweza kuchapwa picha uso mzima, hata ukingoni.

Bei nayo ina neno. Kwa dola moja kila jetoni, seti ya 440 inagharimu dola 440, kupita pesa zote walizoingia nazo wale watu wanane. Kwa anayecheza mara mbili kwa mwaka, hilo halina faida. Huyo anaweza kununua seti ya kawaida, akahesabu jetoni zake mbele ya wote kabla ya mchezo na baada yake.

Kuna pia suala la sheria, ambayo hutofautiana kati ya majimbo. Mengi huvumilia mchezo wa nyumbani mradi mwenye nyumba asijikatie sehemu ya pesa zinazochezwa. Jetoni nzuri haibadili hilo.

Wala haimzuii mtu kupoteza mshahara wake. Kisahani cha rangi hutupwa mezani kwa wepesi kuliko noti, na kasino zinalijua hilo vizuri. Tarakimu iliyoandikwa wazi juu ya jetoni humkumbusha mchezaji kiasi gani kinamtoka mkononi.