Nyumba Zinazoelea Katikati ya London

Atajaye mji wa London hutaja magari, treni za chini ya ardhi na majumba marefu. Ni wachache wanaojua ya kuwa nyuma ya majumba hayo, chini kidogo ya barabara, umelala mfereji wa maji yaliyotulia, na juu ya maji hayo watu wanakaa: baba, mama na watoto, pamoja na vitanda vyao, jiko lao na vitabu vya shule. Nyumba yao ni mashua nyembamba ya chuma. Wakitaka kuhama hawafungi mizigo; hufungua kamba mbili tu, wakaondoka na nyumba nzima.

Kwa mtu apitaye ukingoni maisha hayo huonekana kuwa ya raha tupu. Kumbe sivyo. Nyumba iendayo majini yaweza kuzama, tena kwa dakika chache. Na katika mfereji ulio mwembamba, kosa la mmoja humfikia jirani yake upesi. Basi, wasomaji wapenzi, tutazame jinsi mashua hizo zinavyoongozwa na kufungwa katikati ya mji mkubwa kama huo, na kwa nini mwenye haraka hafai kushika usukani wake.

MFEREJI NA WATU WAKE

Mfereji huo unaitwa Regent's Canal. Mhandisi wake alikuwa James Morgan. Sehemu ya kwanza, kutoka Paddington hata Camden, ilifunguliwa mwaka 1816. Na mwaka 1820 kazi yote ilimalizika, maji yakafika Limehouse, kando ya mto Thames. Urefu wake ni kama kilometri 14. Ulichimbwa kwa ajili ya biashara. Makaa ya mawe, mbao na vitu vya kujengea vilipita humo, na farasi alitembea ukingoni akivuta mashua kwa kamba ndefu. Kazi hiyo ya farasi ilikoma mwaka 1956, lakini njia yao ingalipo, na siku hizi watu wa mji huipita kwa miguu na kwa baiskeli.

Kukaa mashuani si jambo geni katika nchi ya Uingereza. Katika karne ya 19, reli ilipoanza kushindana na mifereji, mapato ya mabaharia yalipungua. Wengi walishindwa kulipa kodi ya nyumba, wakawaingiza wake na watoto katika chumba kidogo cha nyuma ya mashua. Watoto walikua bila shule. Mtu mmoja, George Smith wa Coalville, aliwatetea kwa maneno na kwa maandiko, hata Bunge likatoa sheria mwaka 1877, na nyingine mwaka 1884, ili mashua zikaliwazo na watu ziandikishwe, watu wasisongamane ndani, na watoto wapate kusoma.

Mashua yenyewe ni chombo cha ajabu kwa umbo lake. Upana wake ni kama metri 2 na sentimetri 10, lakini urefu waweza kufika metri 21 na zaidi. Ndani yake vyumba hufuatana kama mabehewa ya treni. Iliyo kubwa huwa na uzito wa tani 15 au kuzidi. Msomaji ashike sana jambo hilo la uzito, maana ndiyo sababu ya mengi yatakayofuata.

KUSHIKA USUKANI

Nahodha husimama nyuma kabisa, akishika kana, ndiyo mkono wa kugeuzia usukani. Mwanafunzi hushangaa siku ya kwanza, kwa sababu akisukuma kana kushoto, pua ya mashua huenda kuume. Tena mashua haigeuki kama gari. Huzunguka juu ya kitovu chake. Pua ikielekea kuume, nyuma yake hufagia kwenda kushoto. Asiyekumbuka hayo atapita salama kwa pua chini ya daraja, kisha ataugonga ukuta kwa mkia.

Mashua haina breki. Atakaye kusimama huirudisha nyuma rafadha, ndilo panga lizungukalo majini na kusukuma chombo. Na wakati huo usukani haumtii. Ndiyo maana nahodha mwema hupunguza mwendo mapema, hujipanga mbele ya daraja angali mbali, na hukaa tayari kwa mashua itokeayo upande wa pili. Mashua mbili zikikutana, kila moja hushika upande wake wa kuume.

Mwendo ulioruhusiwa katika mifereji hiyo hauzidi kama kilometri 6 na nusu kwa saa, nao ni mwendo wa mtu atembeaye kwa bidii. Penye mashua zilizofungwa ukingoni, hata huo ni mwingi. Sababu yake ni hii: mfereji ni mwembamba na kina chake ni kidogo. Chombo kipitacho kwa nguvu husukuma maji mbele na kuyanyonya ubavuni. Mashua zilizotulia huvutwa, kamba zao hukazika, vigingi hung'oka, na mama apikaye ndani humwagikiwa maji ya moto. Aliyefanya hayo amekwisha kupita, wala hasikii kilio nyuma yake. Kwa hiyo mabaharia wana desturi ya kupunguza mwendo kabla ya kuifikia mashua ya kwanza, wala hawauongezi mpaka wameipita ya mwisho.

Katika mfereji huu yapo pia mapango mawili marefu yaliyochimbwa chini ya mji: la Maida Hill, lenye metri 249, na la Islington, lenye metri 878. Humo hamna njia ya ukingoni. Zamani farasi walifunguliwa, na watu wakalala chali juu ya mashua wakizisukuma kuta kwa miguu yao, mpaka mwaka 1826, chombo cha mvuke kilipoletwa kuvuta mashua katika pango la Islington. Leo nahodha huwasha taa ya mbele, lakini kwanza huchungulia. Akiona taa ya mwingine ndani, hungoja nje, kwa maana humo nafasi ya kupishana ni shida.

Mji nao una hatari zake. Watu hutupa majini mifuko ya plastiki, nguo, kamba na hata baiskeli. Vitu hivyo hujisokota katika rafadha, mashua ikakosa nguvu. Hapo ni lazima kusogea ukingoni, kuzima mtambo na kutoa ufunguo wake, ndipo kufungua kifuniko kilicho juu ya rafadha na kutia mkono majini. Asiyetoa ufunguo anahatarisha mkono wake. Na asiyekirudisha kifuniko barabara anahatarisha nyumba yake, kwa kuwa mtambo ukiwaka tena, rafadha hurusha maji ndani, na mashua huanza kuzama pasipo mtu kujua.

KUSHUKA NGAZI ZA MAJI

Kutoka Camden hata Limehouse nchi huteremka kama metri 26. Maji ya mfereji hayawezi kuteremka hivyo bila kukimbia yote. Kwa hiyo wajenzi walitengeneza vyumba 12 vya maji, kama ngazi. Kila chumba kina kuta za mawe au matofali, na milango mizito mbele na nyuma. Mashua ishukayo huingia chumba kikiwa kimejaa. Milango ya juu hufungwa. Kisha mtu mmoja, kwa mpini wa chuma uliopindika, hufungua vilango vidogo vilivyo chini. Maji hutoka polepole, na mashua hushuka nayo. Yakilingana na maji ya mbele, milango ya chini husukumwa, na safari huendelea.

Hapa ndipo penye hatari kuliko mahali pote. Chini ya milango ya juu kipo kizingiti cha mawe kilichotokeza ndani ya chumba. Chumba kikijaa, kizingiti hakionekani. Maji yakishuka, nacho huibuka. Ikiwa mashua imekaa nyuma mno, mkia wake hupanda juu ya kizingiti na kubaki hapo, huku pua ikizidi kushuka. Chombo huinama, maji huingia mbele, na nyumba yote yaweza kuzama kabla watu hawajatoka.

Ili kuzuia jambo hilo, mstari umechorwa ukutani kuonyesha mwisho wa kizingiti. Nahodha hukaa mbele ya mstari, wala haondoi macho yake. Kamba hazifungwi kwa fundo wakati wa kushuka, maana mashua ingetundikwa ukutani kama nyama. Hushikwa kwa mkono au kuzungushwa mara moja katika nguzo, ili ziweze kulegezwa. Na yule aliye juu kwenye vilango hatazami wapita njia wala hazungumzi nao. Yeye hutazama mashua na uso wa nahodha. Nahodha akipiga kelele, hufunga vilango mara moja, maji yakaacha kutoka. Kati ya watu hawa wawili, mara nyingi mume na mke, uhai wa nyumba umo katika kusikilizana.

KUFUNGA NYUMBA UKINGONI

Jioni inafika, na mashua yataka mahali pa kulala. Si kila mahali panafaa. Haifungwi chini ya daraja, wala kwenye kona, wala mbele ya vyumba vya maji, wala mahali pa kuteka maji ya kunywa, wala pale palipopanuliwa ili mashua ndefu zipate kugeuka.

Nahodha akiisha kupaona pazuri, huikaribia ng'ambo polepole, pua ikielekea ukingoni kidogo tu, kisha hurudisha rafadha nyuma hata mashua isimame. Mwenzake hushuka kwa kukanyaga, haruki, kwa sababu chuma kilicholowa huteleza. Hushuka na kamba ya katikati, ambayo peke yake yaweza kukishika chombo chote. Wala mtu asijaribu kuizuia mashua kwa mguu au kwa mkono isigonge ukuta. Tani 15, hata zikienda kwa mwendo wa kobe, huvunja mfupa. Kamba vilevile haizungushwi mkononi kamwe.

Kisha hufungwa kamba ya mbele na ya nyuma, kila moja ikienda kwa mshazari, ili mashua isiende mbele na nyuma wengine wanapopita. Penye pete za chuma hutumia pete. Penye udongo hupiga vigingi kwa nyundo, na kuvitia kitambaa cheupe, mpita njia asijikwae usiku. Lakini si kila udongo ni wa kupigwa vigingi. Mwaka 1979 nyaya kubwa za umeme zilizikwa chini ya njia ya ukingoni katika sehemu ya mfereji huu, nayo maji ya mfereji hutumika kuzipoza. Mtu apigaye chuma chini bila kuuliza hajui anapiga nini.

Na kama ukingo umejaa? Huko London mashua mara nyingi hufungwa ubavuni mwa mashua nyingine. Mgeni hubisha hodi kwanza. Akikubaliwa, hutumia kamba zake mwenyewe mpaka ukingoni, wala haachi uzito wake wote juu ya vigingi vya jirani. Akitaka kushuka usiku, huvuka kwa hatua nyepesi, kwa kuwa chini ya nyayo zake watu wamelala. Tena hawashi mtambo wake usiku, wala hauachi moshi wake uingie madirishani mwa mwenziwe. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu usingizini. Kwa ajili hiyo tangu mwaka 2019 mashua zenye malazi zimelazimishwa kuwa na kengele ya kuitambua.

SIKU KUMI NA NNE

Tangu mwaka 2012 mfereji huu uko chini ya shirika liitwalo Canal & River Trust. Mwenye mashua hulipia ruhusa, huweka bima, na chombo chake hukaguliwa usalama. Walio wengi hawana gati lao wenyewe, kwa kuwa magati ya London ni machache na ghali. Sheria ya mwaka 1995 huwaruhusu watu hao kukaa mfererijini, bali kwa sharti: wawe katika safari kweli, wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya haki.

Kwa kijana asiye na jamaa, sharti hili si zito. Kwa wazazi ni jambo jingine. Mtoto aliyekwenda shule kwa dakika kumi wiki hii, baada ya mwezi huenda akahitaji saa nzima. Mtambo ukiharibika, au mama akiwa karibu kujifungua, lazima kutoa taarifa na kuomba muda. Kwa upande mwingine, kama kila mmoja angekaa apendapo, ukingo wote ungezibwa, na msafiri asingepata pa kufunga kamba hata kwa usiku mmoja. Hivyo sheria ile ile imchoshayo mtu siku ya kuhama humfaa siku ya kufika, maana nafasi aikutayo imeachwa na mwingine aliyehama.

Wanaotamani nyumba ya namna hii kwa sababu ya uhuru wake, na wafikiri hayo kabla ya kununua. Uhuru wa mashua nyembamba upo, wala si uongo. Lakini umefungwa kwa kamba zilizokazwa vema, kwa macho yasiyoacha mstari wa kizingiti, na kwa mwendo mdogo mbele ya nyumba za wengine. Maji ya mfereji ni mamoja; ukiyatikisa hapa, jirani huyumba pale.