Kitunguu kinavuka Namanga kwa fomu moja, cheti cha mwalimu wa chekechea bado kiko njiani

NAMANGA. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla malori hayajajipanga kuelekea Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, akina mama wa vitunguu na maharage huwa wameshapita kwenye chumba kimoja cha mabati upande wa Kenya. Wanaacha watoto. Mmoja anaacha na chupa ya uji, mwingine na kanga ya kulalia, mwingine hana cha kuacha zaidi ya ahadi kwamba atarudi kabla ya saa kumi jioni. Ndani yumo binti wa miaka 26, mzaliwa wa wilaya ya Longido, ambaye pale sokoni hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote humwita Mwalimu.

Jina hilo ndilo lililomletea shida. Alianza kwa kumshikia mtoto jirani yake aliyekuwa akivusha mchele, akaongezwa wa pili, leo wako 17, wa pande zote mbili za mpaka. Watoto hawakai kimya siku nzima, kwa hiyo akabandika ukutani chati ya namba na nyingine ya herufi. Wakawa wanahesabu kwa Kiswahili na Kimaasai, wanapanga vizibo vya soda kwa rangi, wanaimba. Baada ya miezi michache wazazi wakaanza kusema kwamba watoto wao wako shule.

Siku moja ofisa wa elimu wa kaunti alipita, akatazama zile chati, akauliza namba ya usajili ya mwalimu. Hakuwa na ukali. Alieleza kwamba kumlea mtoto mama akiwa kazini ni jambo moja, kufundisha darasa la awali ni jambo jingine, na kwamba Sheria ya Elimu ya Awali ya Kenya ya mwaka 2021 inamtaka anayefundisha darasa hilo awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Chati zishushwe, chumba kibaki cha malezi tu, au Mwalimu aende akasome.

Akaamua kusoma. Hapo ndipo wanawake wa Namanga walipogundua jambo ambalo wazazi wengi wa mpakani hulijua wakiwa wameshachelewa. Mzigo wa vitunguu wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, uliolimwa ndani ya Jumuiya, unavuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachojazwa palepale mpakani. Cheti cha kidato cha nne hakina fomu ya namna hiyo. Nacho kina uasili wake, lakini anayeuthibitisha hayupo kwenye dirisha la forodha.

Kwa Mkenya mwenyewe njia inaeleweka. Stashahada ya ualimu wa elimu ya awali, inayojulikana kwa kifupi DECTE, huchukua miaka mitatu, na kiwango kilichokuwa kikitangazwa ni wastani wa C katika mtihani wa KCSE. Anayetaka shahada hutakiwa kuwa na C+. Maombi hupitia mtandao wa KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo. Mwalimu alikwenda saiba kujaribu. Mtandao ukamwomba namba yake ya mtihani wa KCSE na mwaka alioufanya. Yeye hakufanya KCSE. Alimaliza kidato cha nne mkoani Arusha mwaka 2017, chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA.

Kijana wa saiba alijitolea kumtafutia njia kwa malipo, akaomba aachiwe cheti halisi hadi kesho yake. Hapo binti alifanya jambo la busara kuliko mengi yaliyofuata: akakataa, akatoa nakala. Cheti cha NECTA kikipotea, kupata kingine ni safari ya polisi, ya tangazo la upotevu na ya ada, na kwa mtu anayelala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine hata kituo cha polisi cha kuripoti ni swali.

Njia ya kweli inaanzia kwenye ulinganifu. Cheti cha nje kinachotaka kutumika Kenya lazima kilinganishwe na cha Kenya. Kwa vyeti vya shule waliozoeleka kufanya kazi hiyo ni Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Sheria ya mwaka 2014 iliunda pia mamlaka ya mfumo wa sifa za elimu, KNQA, nayo ina jukumu la kutambua sifa zilizopatikana nje ya nchi. Mwombaji asiyejua tofauti hiyo anaweza kurushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Bora akiulize chuo anachokitaka, kabla ya kulipa chochote, kwamba kinapokea barua ya ofisi ipi.

Halafu kuna hesabu yenyewe, ambayo imewapoteza hata waliosoma. Mwalimu ana daraja la tatu, pointi 24: Kiswahili B, Uraia na Biolojia C, na masomo mengine manne D. Tanzania hupiga hesabu ya masomo saba, A ikiwa pointi moja na D pointi nne, kwa hiyo pointi chache ndizo nzuri, na daraja la tatu ni kuanzia 22 hadi 25. Kenya ni kinyume. A ni pointi 12, C ni 6, na kila pointi inayoongezeka ni heri. Kijana wa saiba alipoona 24 alimpongeza. Alidhani binti amewazidi wote.

Na kidato cha nne cha huku si cha kule, ingawa jina ni moja. Tangu Kenya ilipofuta kidato cha tano na sita, mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye C+ aliweza kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Tanzania bado ina vidato hivyo viwili, na anayetaka shahada hupitia hapo au kwenye stashahada. Kwa hiyo kidato cha nne cha Longido hakiwezi kuwekwa kwenye mizani ya Kajiado bila anayejua kuisoma mizani yote miwili. Mambo yanazidi kubadilika. Kenya inaelekea kumaliza KCSE ya mfumo wa 8-4-4, wahitimu wa mwisho wakitarajiwa mwaka 2027, nayo Tanzania ilianza kutumia mitaala mipya mwaka 2024. Anayemwambia mfanyabiashara kwamba viwango vya mwaka juzi vinatosha anamdanganya.

Barua ya ulinganifu ingeweza kupatikana. Hata pasi ya mwanafunzi isingekuwa ukuta, maana kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki zinataka raia wa nchi mwanachama apewe pasi hiyo bila ada. Kilichomvunja moyo Mwalimu kilikuwa mbele zaidi, na wachache huwa wanakitazama kabla ya kuomba: akishahitimu, ataajiriwa na nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Mwajiri mkubwa wa walimu wa PP1 na PP2 kwa hiyo ni kaunti, na kazi ya kaunti ni utumishi wa umma. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010 na ambayo husomwa kwa fahari kwenye kila semina ya mpakani, inatoa uhuru wa wafanyakazi kuvuka na kuajiriwa. Lakini ibara yake ya 10 inauondoa utumishi wa umma, isipokuwa pale sheria za nchi yenyewe zinaporuhusu. Mtanzania anaweza kusoma miaka mitatu Kenya, akafaulu vizuri, na mlango wa shule ya chekechea ya kaunti ukabaki umefungwa kwake. Wazazi wanaopeleka mabinti ng'ambo ya mpaka kwa ajili ya ajira ya serikali wangefaa kuanza na ibara hiyo kabla ya kuuza ng'ombe.

Basi Mwalimu akageukia nyumbani. Tanzania inahesabu elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, mtoto akikaa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kwa muda mrefu mwenye daraja la kwanza hadi la tatu la kidato cha nne aliingia astashahada ya ualimu ya miaka miwili, na serikali imekuwa ikiyasogeza mafunzo hayo kwenda ngazi ya stashahada. Daraja la tatu la Mwalimu, ambalo Namanga ya Kenya lilihitaji barua ya kulifasiri, Arusha linasomeka lenyewe. Namba ya mtihani ikiingizwa, matokeo ya NECTA yanaonekana.

Bado kulikuwa na kigingi kimoja, kile kile kinachowakwamisha watu wa mpakani kwenye benki, kwenye laini za simu na kwenye hati za kusafiria. Cheti cha shule kina majina mawili. Cheti cha kuzaliwa kina matatu, na la kati limeandikwa kwa herufi tofauti. Ilibidi apate kiapo mbele ya wakili kwamba wote hao ni mtu mmoja. Alikwenda Longido mara mbili kwa ajili hiyo, na siku zote mbili chumba kilifungwa. Siku hizo akina mama walishinda na watoto mgongoni sokoni. Mmoja alimpoteza wake kati ya malori kwa nusu saa, akampata kwa muuza mihogo.

Tukio hilo ndilo lililopeleka suala kwenye kikundi. Akina mama wa upande wa Tanzania wana kikoba, wale wa Kenya wana chama, na kwa jambo la Mwalimu walikaa pamoja kwa mara ya kwanza. Wengi walitaka wamchangie ada. Mweka hazina wa chama, muuza mitumba mwenye wajukuu wawili kwenye chumba kile, alikuwa wa kwanza kusema waziwazi lililokuwa kooni mwa kila mtu: wakimsomesha, ataondoka. Na akirudi na cheti cha Tanzania, hakitamsajili kufundisha Kenya. Itabidi chumba kihamie upande wa pili.

Kwa miguu kutoka chumba kimoja hadi kingine si mbali, lakini huo umbali una mambo yake. Mtoto wa Kenya avushwe kila asubuhi, mara nyingine mkononi mwa jirani ambaye si mzazi wake? Kenya ina miaka miwili ya awali, PP1 na PP2, Tanzania mmoja. Mtoto aliyekaa mwaka mmoja kwa mtaala wa Tanzania atapokelewaje darasa la kwanza Kajiado? Wa Tanzania waliona hayo ni madogo. Wakenya hawakuona hivyo, na haki ilikuwa yao, kwa sababu mtoto wa miaka minne ndiye atakayeulizwa.

Palikuwa na pendekezo la tatu, la mama mwenye duka la unga: asomeshwe pia binti wa Kenya, mmoja wao, mwenye C yake ya KCSE, apitie KUCCPS na asajiliwe TSC, ili siku moja vyumba viwe viwili vyenye walimu wawili wanaoelewana. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Tayari yuko msichana, mtoto wa mmoja wao, ambaye amekuwa akimsaidia Mwalimu siku za soko kubwa. Ana C kamili. Mama yake alikuwa akimtafutia kazi ya mhudumu hotelini.

Fedha hazitoshi wawili kwa mwaka mmoja. Kikundi kilikubaliana kuanza na Mwalimu, kwa masharti ambayo hakuna mwanasheria aliyeyaandika: asome chuo kilicho mkoani Arusha ili likizo arudi chumbani, na katika muhula yule msichana ashike malezi, bila chati, bila kujiita mwalimu, kama ofisa wa kaunti alivyoelekeza. Mweka hazina alikubali mwisho kabisa, akiomba iandikwe kwenye daftari kwamba zamu ya pili ni ya binti wa Kenya. Ikaandikwa.

Maombi yalitumwa wiki moja kabla ya dirisha kufungwa. Nakala ya kiapo, ya cheti cha kuzaliwa na ya matokeo viko kwenye bahasha ya plastiki ambayo Mwalimu huitundika juu, watoto wasiifikie. Majibu hayajatoka. Chati za namba na herufi bado ziko ukutani, zimegeuzwa, upande mweupe ukitazama nje, na mjukuu mmoja wa muuza mitumba ana tabia ya kuinua pembe ya ile ya namba na kuchungulia ilipo saba.